Kuku Waliostaafu: Historia ya Kuwatafutia Makazi Kuku wa Mayai Uingereza

Katika shamba la biashara, kuku wa mayai huhesabiwa kuwa amemaliza kazi akifikisha umri wa wiki 72 hivi. Hajazeeka. Kuku anayetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 5 hadi 8. Ila utagaji wake umeanza kushuka na maganda yanakuwa membamba, na mfugaji akipiga hesabu ya chakula huona nafuu kuliondoa kundi lote kwa mkupuo, asafishe banda na kuingiza mitetea. Huko Uingereza kumekua kazi ya kujitolea ya kuwachukua kuku hao kabla hawajapelekwa machinjioni na kuwagawa kwa watu wenye nafasi uani. Huruma ina sehemu yake katika historia hiyo, lakini bei ina sehemu kubwa zaidi.

Kufuga kuku nyuma ya nyumba lilikuwa jambo la kawaida nchini humo hadi katikati ya karne ya 20. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mayai yalipotolewa kwa mgao, kwa kawaida yai 1 kwa mtu kwa wiki, familia yenye kuku iliweza kusalimisha kuponi zake za mayai na badala yake ikapewa chakula cha kuku. Chakula hicho kilichanganywa na maganda ya viazi na mabaki ya jikoni. Kuku aliyeacha kutaga hakumsumbua mtu kichwa: alichinjwa, akachemshwa kwa saa kadhaa, na supu yake ikanyweka.

Mgao wa mayai ulikoma mwaka 1953, na katika miaka iliyofuata mambo mawili yalikwenda sambamba. La kwanza ni vizimba vya waya vilivyopangwa safu juu ya safu, ambavyo Wamarekani walikuwa wameanza kuvitumia katika miaka ya 1930. La pili, ambalo kwa kisa hiki lina uzito zaidi, ni kuku wa nyama. Kuku laini, aliyekuzwa kwa wiki chache tu na kuuzwa kwa bei ya chini, alimfukuza kuku mkongwe jikoni. Kuku wa mayai ana nyama kidogo na ngumu. Tena mifupa yake imedhoofika, kwa kuwa madini yanayojenga maganda ya mayai yapatayo 300 kwa mwaka hutolewa kwa sehemu mwilini mwake, na mifupa ya namna hiyo huvunjika vipande wakati wa kuchakatwa. Akaishia katika supu za makopo, pai na chakula cha mbwa na paka, na mfugaji akawa analipwa peni chache kwa kila mmoja.

Mjini Nairobi au Dar es Salaam kuku wa aina hiyohiyo hakosi mnunuzi. Wachuuzi humfuata bandani, humpakia kwenye tenga na kumuuza sokoni akiwa hai, na wapo walaji wanaomtaka yeye hasa kwa sababu nyama yake haisambaratiki chunguni. Palipo na soko la namna hiyo, anayetaka kumwokoa kuku lazima ashindane na mpishi. Uingereza mpishi alikuwa ameshajitoa.

Malalamiko juu ya vizimba yalitangulia kazi ya kuwahamisha kuku kwa miongo kadhaa. Mwaka 1964 Ruth Harrison alitoa kitabu *Animal Machines* kuhusu ufugaji wa kiwanda, na mwaka uliofuata kamati ya serikali chini ya Profesa Brambell ikasema kwamba mnyama wa shambani apate walau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kuku wa kizimbani hakuweza hata kukunjua mabawa. Katika miaka ya 1970 mama mmoja na bintiye, Violet Spalding na Clare Druce, waliendesha kampeni iliyoitwa Chickens' Lib. Sheria ilijikokota. Amri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 ilimpa kila kuku sentimita za mraba 550, pungufu ya ukubwa wa karatasi ya A4, na kupiga marufuku vizimba vitupu, visivyo na kiota wala fito, kuanzia Januari 1, 2012.

Shirika kubwa la kazi hii, ambalo leo huitwa British Hen Welfare Trust, lilianzishwa na Jane Howorth huko Devon mwaka 2005. Uamuzi wake wa busara kuliko yote ulikuwa kutomfanya mfugaji adui. Mabanda hayavamiwi usiku, na mwenye shamba hatangazwi. Siku ya kuondoa kundi inapokaribia, huandaliwa tarehe ya kuwafuata, na watu waliokwisha kuandikishwa wakiwa na banda tayari huja kuwapokea katika vituo vya muda, kila mmoja akichangia fedha kidogo. Wanaojitolea huwatoa kuku, huwapakia kwenye makreti, huendesha magari na huwapunguza kucha zilizorefuka kwa kukosa ardhi ya kuparua.

Kuku wa vizimba vya zamani walifika wamenyonyoka manyoya, undu umepauka na kulala upande. Wengi hawakujua kupanda fito za kulalia, na ilibidi wafundishwe kuingia bandani jioni. Kuoga vumbi, kinyume chake, hakukuhitaji mwalimu. Waliobahatika waliota manyoya mapya katika wiki chache, ingawa magonjwa ya mirija ya mayai huwaua wengi mapema.

Ujerumani nayo ilipata chama chake, Rettet das Huhn, mwaka 2007. Shirika la Devon limekwisha kuhamisha kuku zaidi ya milioni 1 tangu lianze, idadi ndogo ukiilinganisha na kuku wa mayai milioni 40 hivi wanaokuwapo Uingereza kwa wakati mmoja. Baada ya 2012 wanaochukuliwa hutoka katika vizimba vilivyopanuliwa, vyenye sentimita za mraba 750 kwa kuku pamoja na kiota na fito, au katika mabanda ya wazi na mashamba ya kuku wanaotoka nje.

Masharti kwa mpokeaji yameongezeka pia. Tangu 2001, mwaka wa mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo, mabaki ya jikoni yaliyosaidia kulisha kuku wakati wa vita yamepigwa marufuku hata kwa mwenye kuku 3 uani. Homa ya mafua ya ndege imeleta amri za kuwafungia kuku ndani majira kadhaa ya baridi. Zamani ni mwenye ndege 50 au zaidi tu aliyelazimika kujiandikisha serikalini. Kuanzia Oktoba 1, 2024, huko England na Wales, sharti hilo linamhusu hata mwenye kuku mmoja.