Sukari katika Damu ya Mama

Msomaji wangu, katika mwezi wa Novemba, 1823, mwanamke mmoja mwenye mimba ya tano aliingia hospitalini mjini Berlin, Ujerumani. Umri wake ulikuwa miaka 22 tu. Alikunywa maji mengi mno lakini kiu haikukatika, na mkojo wake ulionekana kuwa na sukari. Mtoto alikuwa na uzito wa ratili 12, yaani zaidi ya kilo 5, akafa katika kuzaliwa. Kisha sukari ikatoweka katika mkojo wa mama na kiu ikatulia.

Heinrich Bennewitz aliandika habari hizo kwa Kilatini mwaka 1824, akashikilia kwamba mimba yenyewe ndiyo iliyoleta kisukari. Kwa njia gani, hakuweza kueleza. Usimlaumu, maana hata neno homoni lilikuwa halijatungwa. Lilianza kutumika mwaka 1905. Mwaka 1882 Matthews Duncan wa London alikusanya habari za mimba 22 za wanawake wenye kisukari. Ni orodha ya kutia huzuni, kwa kuwa mama wengi walikufa, na watoto wengi pia.

Insulini ilipopatikana mjini Toronto mwaka 1921, kwa kazi ya Banting na wenzake, mama walianza kuokoka. Watoto waliendelea kufa kwa miaka mingi. Kwa nini? Hapa nakuomba utulie kidogo.

Chakula tulacho hugeuka kuwa sukari iendayo katika damu. Kongosho hutoa insulini, nayo huiwezesha sukari hiyo kuingia katika misuli na mafuta ya mwili. Mwanamke achukuapo mimba, kondo la nyuma hutoa homoni zake, kama projesteroni na laktojeni, ambazo huipinga insulini ya mama. Wala si uadui huo. Sukari hubaki katika damu muda mrefu zaidi ili mtoto apate riziki. Kongosho la mama halina budi kuongeza kazi, na aghalabu huweza. Lisipoweza, sukari huzidi. Sukari hupita katika kondo kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipiti. Basi mtoto hutoa insulini yake mwenyewe kwa wingi, akanenepa kupita kadiri. Jørgen Pedersen wa Copenhagen alilieleza jambo hili katika miaka ya 1950, na hapo ndipo zile ratili 12 za Berlin zilipopata maana yake.

Usidhani, hata hivyo, kwamba homoni zote za kike ni mzigo. Bernardo Houssay wa Argentina, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, na wenzake waliwakata panya sehemu kubwa ya kongosho. Madume waliugua kisukari zaidi kuliko majike, na estrojeni ikaonekana kuwa kinga. Hata kwa binadamu, kinga hiyo hupungua hedhi ikomapo uzeeni. Na wapo wanawake wenye kisukari waonao sukari yao ikipanda siku chache kabla ya hedhi, wakati projesteroni ikiwa juu. Mwanamke wa namna hiyo asishutumiwe upesi kwamba amekula ovyo.

Mwaka 1964 John O'Sullivan wa Boston, pamoja na Claire Mahan, alitoa vipimo vilivyotokana na wajawazito 752. Siku hizi, katika hospitali nyingi, mjamzito hunyweshwa maji ya glukosi (matamu ya kuchefua, hulalamika wengi) kati ya juma la 24 na la 28, wakati homoni za kondo zinapoilemea insulini. Kondo likitoka, homoni zake hukoma, na sukari hushuka kama alivyoona Bennewitz. Lakini mama huyo huitwa tena baada ya majuma 6 hadi 12 apimwe, kwa sababu kisukari kilichomtoka baada ya kujifungua huweza kumrudia miaka mingi baadaye, bila mimba yoyote.