1728: Mwaka ambao utenzi wa Kiswahili ulipata tarehe kisiwani Pate

MWAKA 1728 una nafasi ya pekee katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Ndio mwaka unaohusishwa na Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali, kazi ya Bwana Mwengo wa Athumani wa mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Kwa walimu na wanafunzi wengi wa fasihi, hapo ndipo hesabu ya miaka ya ushairi wa Kiswahili ulioandikwa huanzia.

Hii haina maana kwamba Waswahili walianza kutunga mwaka huo. Utendi wa Tambuka una beti zaidi ya 1,100, kila ubeti ukiwa na vipande vinne vya mizani nane nane. Vipande vitatu vya kwanza hukubaliana kwa vina vya ndani ya ubeti, na kipande cha nne hubeba kina kimoja kinachorudi tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi ndefu kiasi hicho, iliyoshika kanuni zake bila kuyumba, haiwezi kuwa jaribio la kwanza la watu wasiojua sanaa hiyo. Ni dhahiri kwamba Bwana Mwengo aliikuta bahari ya utenzi ikiwa imekwisha komaa.

Wala mwaka huo si mwanzo wa kuandika Kiswahili. Katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, nchini India, zimo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikihusu shughuli za Wareno na washirika wao wa pwani. Kinachoupa mwaka 1728 uzito wake ni kwamba tarehe hiyo imefungamana na utungo wa sanaa.

Tarehe yenyewe imetokana na desturi ya waandishi wa miswada. Mwandishi alipomaliza kazi, aliweza kuongeza mwishoni jina lake, dua na mwaka. Mswada wa utendi huo uliohifadhiwa Hamburg, Ujerumani, una mwaka 1141 wa Hijra. Kwa hesabu ya miaka ya Kizungu, mwaka huo wa Hijra ulianza Agosti 1728 na kumalizika Julai 1729. Kwa hiyo vitabu vinapotaja 1728, vinachukua mwanzo wa mwaka ambao kwa kweli umepita juu ya miaka miwili.

Tofauti hiyo ya miezi si jambo dogo kwa anayetaka kuelewa mazingira ya wakati ule. Wareno walikuwa wamefukuzwa na Waomani kutoka Ngome ya Yesu, Mombasa, Desemba 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu. Machi 1728 walirejea na kuitwaa tena ngome hiyo, wakisaidiwa na Pate, ambayo ilikuwa na ugomvi wake na Waomani. Urafiki huo haukudumu. Mwaka 1729 watu wa Mombasa waliasi, na kufikia Novemba mwaka huo Wareno walikuwa wameondoka. Mwaka 1141 wa Hijra, basi, ulianza Wareno wakiwa wametawala tena Mombasa, na ukamalizika utawala wao ukiwa unaporomoka.

Pate ya wakati huo ilikuwa mji wenye nguvu. Ilitawaliwa na ukoo wa Nabahani, na vyombo vyake vilifanya biashara na Arabuni na India. Utendi unahusishwa na jumba la kifalme la Yunga katika mji huo, jambo linaloonyesha kwamba ushairi ulikuwa na wenyeji wake barazani kwa wakubwa. Mji uliokuwa na watawala, wafanyabiashara na masharifu wenye elimu ya dini ulikuwa pia na watu wa kusikiliza, wa kunakili na wa kuhifadhi.

Kisa cha utendi ni vita kati ya Waislamu wa mwanzo na dola ya Warumi wa mashariki. Herekali anayetajwa ni Kaisari Heraclius, aliyetawala Constantinople kuanzia mwaka 610 hadi 641. Tambuka ni Tabuk, mji wa kaskazini mwa Arabuni ambako Mtume Muhammad aliongoza msafara wa jeshi mwaka 630. Masimulizi yanaanza na msiba wa Jaafar bin Abi Talib, aliyeuawa katika vita vya Muta mwaka 629. Mtume anamwandikia Herekali barua ya kumwita katika Uislamu, naye anakataa, ndipo vita vinapozuka. Ali bin Abi Talib ndiye shujaa mkubwa wa mapambano hayo.

Katika historia, msafara wa Tabuk ulimalizika bila pambano kubwa na Warumi. Katika utendi, mapambano ni makali na marefu. Bwana Mwengo hakuwa akiandika tarikh. Alifuata masimulizi ya maghazi yaliyoenea katika nchi za Kiislamu, akayapa sura ya Kiswahili. Hakuna haja ya kudai kwamba alikuwa akiwafumbia Wareno kwa jina la Warumi. Hata hivyo, ni rahisi kufahamu kwa nini hadithi ya Waislamu waliosimama mbele ya dola kubwa ya Kikristo ilipata wasikilizaji katika pwani iliyokuwa imeishi na meli za Kireno kwa zaidi ya karne mbili.

Lugha ya utendi ni Kiswahili cha kaskazini, ambako nchi huitwa nti na macho huitwa mato. Hata neno utendi ni la huko. Kusini na katika Kiswahili sanifu husemwa utenzi. Msomaji wa leo aliyezoea lugha ya shule huhitaji msaada wa mwenyeji ili aufuate vizuri. Ugumu huo huongezwa na hati. Herufi za Kiarabu kwa asili hazina alama za sauti kadhaa za Kiswahili, kama p, v na ch, na irabu zake ni tatu tu. Msomaji wa mswada alilazimika kujua neno kabla ya kulisoma.

Je, Tambuka ndio utungo mkongwe kuliko yote? Hapo wataalamu hawajakubaliana. Hamziyya, tafsiri ya kasida ya al-Busiri wa Misri iliyofanywa na Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate, imepewa na baadhi yao mwaka 1652, na na wengine mwaka 1749. Tofauti ya karibu miaka mia moja katika kazi moja yaonyesha jinsi tarehe za miswada zinavyohitaji tahadhari. Mwaka ulioandikwa mwishoni waweza kuwa wa mtunzi au wa mnakili, na mnakili aweza kuuhamisha mwaka wa zamani hadi nakala mpya.

Miswada mingi ya Lamu na Pate ilitoka visiwani humo katika karne ya 19 na ya 20. Mjerumani Carl Meinhof alichapisha Chuo cha Herekali mwaka 1911 na 1912. Ernst Dammann, Mjerumani mwingine, alifika Lamu mwaka 1936, na mwaka 1940 akatoa mkusanyo mkubwa wa mashairi kwa lahaja ya Kiamu. Jan Knappert, Mholanzi, aliutolea utendi wa Herekali utafiti wake mwaka 1958.

Kazi ya wageni hao isingewezekana bila wenyeji. Anayejulikana zaidi ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri, aliyewanakilia Alice Werner, William Hichens na Dammann tungo nyingi. Baadaye Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi kuanzia 1927 hadi 2017, alitumia maisha yake kueleza tungo za kale na msamiati wake kwa wasomi na wanafunzi.

Leo anayetaka kuiona miswada hiyo huelekezwa zaidi London, Hamburg au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako umo mkusanyo uliokusanywa na J.W.T. Allen na wenzake. Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lakini hadhi hiyo ni ya mji wa Lamu. Haikuufikia mji wa Pate, ambako kuta za majumba ya kale zimesimama kati ya mashamba ya tumbaku.

Vitabu na karatasi za wazee bado zimo katika baadhi ya nyumba za visiwa hivyo, na maadui wake ni mchwa, unyevu na chumvi ya bahari. Mara nyingi ukurasa wa mwisho ndio unaochakaa mapema, kwa kuwa uko nje. Huo ndio ukurasa wenye jina na mwaka. Laiti ukurasa wa namna hiyo ungalipotea katika mswada wa Tambuka, utendi ungalibaki, lakini mwaka 1728 usingalikuwamo katika historia ya fasihi ya Kiswahili.