Kimeng'enya, Ini la Chura na Halijoto ya Maji

Istilahi kimeng'enya imetokana na kitenzi meng'enya, yaani kukivunjavunja chakula tumboni. Ni neno zuri, ila asili yake humfanya msomaji adhani kwamba vitu hivi hukaa tumboni tu. Mjerumani Wilhelm Kühne alipounda neno Enzym katika miaka ya 1870, alilitoa katika Kiyunani kwa maana ya "ndani ya chachu". Jina la Kijerumani likabaki chachuni, letu likabaki tumboni, hali kitu chenyewe kimo hata katika ini la chura.

Kwa muda mrefu wataalamu walikijua kwa kazi yake tu. Mwaka 1833 Wafaransa Payen na Persoz walitoa katika kimea cha shayiri dutu iliyogeuza wanga kuwa sukari, lakini hawakuweza kuionyesha ikiwa safi. Ilikuwa 1926 ndipo Mmarekani James Sumner alipopata kimeng'enya kwa umbo la fuwele. Katika miaka hiyo 93 kilichopimwa kilikuwa utendaji, wala si wingi.

Tofauti hiyo ndiyo inayopotea katika tafsiri kama hii: "Maji baridi hupunguza vimeng'enya vya ini la chura." Chura hajitengenezei joto la kumtosha, mwili wake huifuata halijoto ya maji. Maji yakishuka kutoka nyuzi 25 hadi 15, kazi ya vimeng'enya vingi hushuka hadi nusu au theluthi, kwa kadiri ya kanuni aliyoieleza Mholanzi van 't Hoff mwaka 1884. Vyenyewe havijaondoka; maji yakipata joto, kazi hurudi. Tena chura akikaa wiki kadhaa katika baridi, ini lake huweza kuongeza baadhi ya vimeng'enya ili kufidia upungufu wa kazi. Hapo tafsiri yetu itakuwa imesema kinyume kabisa cha jambo lililotokea.

Kwa hiyo twapendekeza utendaji, wala si shughuli, neno linalomfaa zaidi mtu aendaye sokoni. Mfasiri na aandike: "Utendaji wa vimeng'enya vya ini hupungua maji yanapopoa." Na nyuzi azitaje kila mara, maana utendaji uliopimwa katika nyuzi 15 haulinganishwi na uliopimwa katika nyuzi 25.