Pikipiki zilizotengenezwa nyumbani zikarudi kupitia duane: historia ya cc katika Japani

Kwenye moto nyingi zinazobeba watu katika Goma na Bukavu kumeandikwa namba: 100, 125, 150. Motari anajua bei ya kila moja. Abiria hana haja nayo, yeye anatafuta tu kama godoro na sufuria vitaenea nyuma. Namba hiyo ni cc, ndiyo kusema ukubwa wa nafasi iliyo ndani ya silinda za moteri, mahali petroli na hewa vinaungulia pamoja. Cc zikizidi, mara nyingi nguvu nayo inazidi.

Katika nchi nyingi, namba hiyo ndiyo sheria inaangalia kwanza. Kwa kuitumia wanapanga nani apewe permi, duane ichukue kiasi gani, na plaki itoke ao isitoke. Hakuna mahali ambapo mambo hayo yalileta visa vingi kama Japani. Ndiyo nchi ya Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, viwanda vinne vilivyojaza dunia pikipiki. Lakini kwa miaka zaidi ya ishirini, raia wa Japani aliyetaka kuendesha zile kubwa zilizotoka katika viwanda vya nchi yake alipata taabu kuliko Mmarekani ao Mjerumani.

Mambo yalianza mwaka wa 1969. Honda ilitoa pikipiki iliyoitwa CB750, yenye silinda nne na moteri ya 736cc. Wakati huo ilikuwa kitu cha kushangaza: ilikaribia mwendo wa kilomita 200 kwa saa, na uzito wake ulipita kilo 200, karibu mara mbili ya moto ya kubeba watu hapa kwetu. Watu waliogopa. Viwanda vya Japani vikajiwekea mpaka wenyewe: katika nchi yao hawatauza pikipiki inayopita 750cc. Mpaka huo haukuwa katika sheria ya barabara, lakini ulifuatwa kama sheria. Kawasaki ilionyesha namna ulivyofanya kazi. Mwaka wa 1972 ilitoa pikipiki ya 903cc kwa ajili ya kuuza ng'ambo. Mwaka uliofuata Wajapani walipewa ndugu yake, inayofanana nayo kwa macho, lakini yenye moteri ya 746cc.

Huo ulikuwa ukuta wa kwanza. Wa pili uliwekwa na serikali yenyewe, na ulikuwa mgumu zaidi.

Miaka ya 1970, vijana wa miji ya Japani walikuwa wanakusanyika usiku kwa makumi na mamia, wanatoboa mabomba ya moshi ili kelele iongezeke, wanapita taa nyekundu na kupigana na polisi. Waliitwa bosozoku, jina lenye maana ya kundi la wakimbiaji wa fujo. Tarehe 1 Oktoba 1975, sheria mpya ya permi ilianza kufanya kazi. Iligawa waendeshaji katika makundi matatu: mpaka 125cc, mpaka 400cc, na wale wasio na mpaka. Permi mbili za kwanza mtu aliweza kuzipata kwa kusoma katika shule ya udereva. Ya tatu, hapana. Hiyo ilipatikana tu kwa mtihani kwenye kituo cha polisi cha permi.

Mtihani huo uliacha sifa mbaya inayosimuliwa mpaka leo. Kabla hata ya kuwasha moteri, mtu alionyeshwa pikipiki ya 750cc iliyolazwa chini na kuambiwa aiinue peke yake. Ni kitu chenye uzito wa mifuko minne ya saruji na zaidi. Akiweza, aliisukuma kwa mikono akizunguka kwa umbo la namba 8. Aliyeshindwa hapo alirudi nyumbani bila kupanda. Aliyepita aliingia uwanjani: kupinda katikati ya vizuizi, kusimama ghafula, na kupita juu ya njia nyembamba kama ubao, pole pole, bila kuanguka. Jaribio hilo la ubao lingaliko: upana sentimita 30, urefu mita 15, na kwa pikipiki kubwa mtu anapaswa kutumia angalau sekunde 10. Mtihani ulifanywa siku za kazi, kwa hiyo mfanyakazi alipaswa kuomba ruhusa kwa mkubwa wake kila mara. Waliopita mara ya kwanza walikuwa wachache sana. Wengi walirudi mara tano, mara kumi.

Jambo lililowauma zaidi ni hili. Mpaka mwaka wa 1965, mtu aliyepata permi ya gari katika Japani alipewa haki ya pikipiki pamoja nayo, bila mtihani mwingine. Wazee hao hawakunyang'anywa haki yao. Hivyo mzee aliyejifunza kuendesha gari ndogo mwaka wa 1960, hata kama hakuwahi kupanda pikipiki, aliruhusiwa kununua ya 750cc na kuondoka nayo. Mtoto wake aliyeendesha ya 400 kila siku kwenda kazini alisimamishwa na polisi kama akipanda ile ya baba. Ikiwa sheria ilikuwa ya kuokoa maisha, ni vigumu kueleza jambo hilo.

Viwanda navyo vilisumbuka. Mwisho wa 1974 Honda ilikuwa imetoa pikipiki nzuri iliyopendwa sana, CB400 Four. Ilikuwa na 408cc. Miezi michache baadaye sheria ikasema mpaka ni 400. Kwa cc nane tu, pikipiki hiyo iliingia katika kundi la permi ngumu, na kijana mwenye permi ya kati hakuweza kuigusa. Mwaka wa 1976 Honda ilifupisha mwendo wa pistoni na kutoa nyingine ya 398cc kwa ajili ya Japani. Hakuna mtu angeona tofauti kwa kuiangalia ao kwa kuisikia barabarani.

Je, fujo za usiku ziliisha? Hapana. Mwaka wa 1982, miaka saba baada ya sheria, polisi ilihesabu bosozoku zaidi ya 42,000, na hiyo ndiyo hesabu kubwa kupita zote. Kwa kufanya fujo hawakuhitaji 750cc. Ya 400 ao ya 250 iliwatosha, na bomba lililotobolewa linapiga kelele ileile. Mwaka huohuo, shirika la wazazi na walimu wa shule za sekondari la nchi nzima lilipokea kampeni ya katazo tatu: mwanafunzi asichukue permi, asinunue pikipiki, asiipande. Sheria ya nchi iliruhusu permi ya pikipiki kwa miaka 16, lakini shule nyingi zilimfukuza ao kumwazibu mwanafunzi aliyeichukua.

Kwa upande wa wenye pesa, mlango ulipatikana. Wajapani waliuita kwa jina lenye maana ya kuingiza kinyume. Pikipiki kubwa ilitengenezwa Japani, ikapakiwa kwenye meli, ikapelekwa Ulaya ao Amerika ya Kaskazini. Mchuuzi Mjapani aliinunua huko na kuirudisha kwa meli nyingine. Kawasaki GPZ900R ya mwaka wa 1984, yenye 908cc, ilikuwa mojawapo ya zilizotafutwa sana; katika Japani Kawasaki iliuza ya 750 tu. Ile iliyorudi ilipita duane kama kitu cha kigeni. Ilipaswa kukaguliwa kabla ya kuandikishwa na kupata plaki. Zile zilizotoka Marekani zilikuwa na saa ya mwendo inayohesabu maili. Mwenyewe alilipa nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na faida ya kila mkono ulioigusa njiani, kwa kitu ambacho pengine kilitoka katika kiwanda kilicho karibu na nyumba yake.

Na tusichanganye kuta hizi mbili. Kuingiza kinyume kulisaidia kupita mpaka wa 750cc wa viwanda. Permi ilibaki palepale. Aliyenunua pikipiki iliyorudi bila kufaulu mtihani wa polisi aliweza tu kuiosha na kuitazama.

Sasa ni lazima kuvuka bahari, kwa sababu mwisho wa habari hii ulitoka Marekani. Huko nako cc zilikuwa zimekwisha kuwa silaha. Kampuni ya Harley-Davidson, inayotengeneza pikipiki nzito tangu mwaka wa 1903, ilikuwa karibu kuanguka mbele ya pikipiki za Japani. Mwaka wa 1981 wakubwa 13 wa kampuni waliinunua kutoka kwa wenyewe wa zamani, wakabaki na deni zito. Waliomba serikali iwalinde. Aprili 1983, Rais Ronald Reagan alipandisha ushuru wa duane kwa pikipiki za kigeni zinazopita 700cc, kutoka asilimia 4.4 mpaka 49.4, na kupangwa kushuka kidogo kidogo kwa miaka mitano.

Wajapani, waliokwisha kuzoea kukata cc nane nyumbani, walijua la kufanya. Pikipiki zao za 750 zilipunguzwa kidogo ndani ya silinda na kufika Marekani zikiwa chini ya 700cc. Zile kubwa kabisa, Honda na Kawasaki walizitengeneza palepale Marekani, Honda katika Marysville, jimbo la Ohio, na Kawasaki katika Lincoln, jimbo la Nebraska, kwa hiyo duane haikuzipata. Hata hivyo Harley-Davidson ilipata nafasi ya kupumua na kutengeneza moteri bora. Mwaka wa 1987 yenyewe iliomba ushuru huo uondolewe mbele ya wakati.

Mwaka wa 1988 Honda ilianza kuuza katika Japani Gold Wing ya 1,520cc, iliyotengenezwa katika Ohio. Mwaka wa 1990 Yamaha iliuza nyumbani V-Max yake ya 1,200cc, baada ya kuipunguzia nguvu. Hivyo mpaka wa viwanda ulikufa bila kilio. Ukabaki wa permi.

Waendeshaji wa Japani walikuwa wanalalamika tangu 1975. Magazeti ya pikipiki yaliandika, klabu ziliomba. Polisi ilijibu kwamba usalama ni mbele ya yote. Kisha Wamarekani wakaingia katika mazungumuzo. Harley-Davidson haikuwa na pikipiki ya 400cc ya kumuuzia Mjapani. Kila moja yake ilikuwa upande wa pili wa mtihani ule. Serikali ya Marekani, ileile iliyofunga mlango wake kwa asilimia 49.4, ilisema kwamba permi ya Japani ni kizuizi cha biashara. Katika mazungumuzo marefu ya miaka ya 1990 kati ya nchi hizo mbili juu ya magari, nyama na mambo mengine, pikipiki nazo ziliwekwa mezani.

Tarehe 1 Septemba 1996, Japani ilibadilisha. Kuanzia siku hiyo, mtu mwenye miaka 18 aliweza kujifunza pikipiki kubwa katika shule ya udereva ya kawaida, kufanya mtihani wake wa kuendesha hapohapo, na kupata permi isiyo na mpaka wa cc. Shule zilijaa. Watu wa miaka arobaini na hamsini, waliokata tamaa wakiwa vijana, walirudi kuandikishwa. Harley-Davidson ziliongezeka sana katika barabara za Japani.

Madai mengine ya Wamarekani yalifuata njia hiyo. Mwaka wa 2000 pikipiki ziliruhusiwa kwenda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu za mwendo kasi, sawa na gari, badala ya 80. Mwaka wa 2005 iliruhusiwa kubeba mtu nyuma kwenye barabara hizo, jambo lililokatazwa kwa miaka 40. Kwa motari wa Goma, anayebeba watu wawili na kilo ishirini za unga juu ya 125, katazo hilo litaonekana la kuchekesha. Lakini hoja iliyoliondoa haitachekesha wakaaji wa Kivu, wanaojua vizuri namna neno la mgeni mmoja linavyoweza kufika mbali kuliko barua za raia za miaka ishirini.

Mstari wa 400 wenyewe haukufutwa. Ungali unatenganisha permi ya kawaida na permi kubwa, na pikipiki inayopita 250cc inapaswa kukaguliwa kila miaka miwili wakati ya chini yake haikaguliwi. Ndiyo sababu mtu akiingia leo katika duka la pikipiki katika Tokyo na kusoma karatasi zilizobandikwa, atakuta nyingi zimeandikwa 249cc na 399cc.