Usultani wa Witu: asili yake na nani aliyerithi kiti

Anayesafiri kwa basi kutoka Garsen kuelekea Mokowe hupita Witu, akanunua maembe dirishani na kuendelea na safari. Wachache hujua kwamba mji huu ulikuwa na sultani wake, bendera yake na, mwaka 1889, hata stempu zake za posta. Kiti hicho hakikudumu sana, lakini mabishano juu ya nani mrithi wake halali yalifika Berlin na London.

Asili ya Witu ni Pate. Huko walitawala Wanabahani, ukoo unaojinasibisha na Oman, na ambao wafalme wake wengi waliitwa Fumo, neno la kale la Kiswahili lenye maana ya mkuki na pia mfalme. Pate ilivunjika nguvu katika vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, ilipopigwa na watu wa Lamu. Washindi, wakiogopa kisasi, waliita Mabusaidi wa Oman wawalinde, na tangu hapo Wanabahani wakawa wanabanwa kisiwani mwao wenyewe. Siyu, mji wa Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona yule wa utendi, nayo ilipigana na Seyyid Said kwa miaka mingi kabla ya kushindwa.

Ahmad, mtoto wa Fumo Luti, aliyejulikana zaidi kama Simba, ndiye aliyevuka na kiti hadi bara. Alipita sehemu za Kau, kwenye mto Ozi, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 akatulia Witu, ndani ya msitu, mahali ambapo mizinga ya merikebu za Unguja haikufika.

Watu aliowatawala hawakuwa Wanabahani. Wengi walikuwa watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya Lamu, Malindi na kwingineko, wakapata ardhi ya kulima na bunduki ya kujilinda. Wengine walikuwa Waswahili wa visiwani waliochoshwa na Mabusaidi, na jirani zao walikuwa Waboni na Wapokomo. Tusimpambe Simba kuwa mkombozi, kwa sababu watumwa walikuwapo hata ndani ya mji wake. Lakini bila watoro hakuwa na jeshi, na kwa maoni yangu hao ndio walioujenga Witu, ingawa nasaba iliyoandikwa ni ya watawala tu.

Na nasaba hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Seyyid Barghash alidai pwani yote ni yake. Simba alijibu kwamba yeye ni mrithi wa Pate, kwa hiyo bara ya upande ule ni ya wazee wake na si ya Unguja. Wajerumani walilipenda sana jibu hilo. Mwezi wa Aprili 1885 ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipata kwake hati ya ardhi, na mwezi uliofuata Ujerumani ikatangaza kuilinda Witu. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipogawana, ukanda wa maili kumi wa sultani wa Unguja, ule ule tunaobishania hadi leo, ulikomea Kipini. Kutoka kaskazini ya Kipini hadi mwisho wa ghuba ya Manda, pwani ilikubaliwa kuwa ya Witu. Visiwa, pamoja na Pate yenyewe, vikabaki kwa Unguja. Yaani mrithi wa Pate alipata kila kitu isipokuwa Pate.

Simba alipofariki, kiti kilikwenda kwa Fumo Bakari, wa nyumba hiyo hiyo. Huyu ndiye sultani wa mwisho kurithi kabla mambo hayajaharibika. Julai 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu kwa mkataba uliohusu pia Unguja na kisiwa cha Heligoland. Miezi miwili baadaye Mjerumani aitwaye Küntzel na wenzake, baada ya ugomvi langoni pa mji, waliuawa. Oktoba jeshi la Admeri Fremantle likauchoma moto Witu. Fumo Bakari akakimbilia Jongeni msituni, akafariki mwanzoni mwa 1891.

Baada ya mvutano mfupi akashika Fumo Omari, naye akakataa kutii. Pumwani na Jongeni, ngome zake za msituni, zilivamiwa mwaka 1893, na hatimaye yeye mwenyewe akaondolewa.

Mwaka 1895 akatawazwa Omar bin Hamed, aliyeitwa pia Omar Madi. Naye alikuwa Mnabahani, lakini safari hii waliomkalisha kitini walikuwa Waingereza, wala hakuna aliyehitaji idhini ya watoro wala ya wazee. Alikaa miaka 28. Alipofariki mwaka 1923, hakuwekwa mwingine.