Vazi la Taekwondo na Swali la Mapokeo

Neno mapokeo limetokana na kupokea, na apokeaye hana budi kuwa na aliyempa. Swali hili, la nani alimpa nani, limewashughulisha Wakorea kwa zaidi ya miaka sabini kuhusu mchezo wao wa taekwondo, na hasa kuhusu vazi jeupe livaliwalo na wachezaji wake. Sisi walimu wa lugha tumezoea kukutana na swali hilo katika maneno. Katika makala haya tunakusudia kulifuata katika ukosi wa nguo na katika rangi ya mkanda, na msomaji ataona kwamba maneno hayatakuwa mbali.

Vazi lenyewe huitwa dobok. Do maana yake ni njia, na bok ni nguo. Wajapani nao huliita vazi la michezo yao dogi, na hiyo do ya mwanzo ni ile ile, imeandikwa kwa herufi moja ya Kichina. Asili ya vazi hilo yajulikana vyema. Mwaka 1882 mwalimu mmoja wa Tokyo, Jigoro Kano, alianzisha shule yake ya judo iitwayo Kodokan. Kwa kuwa wanafunzi wake walikamatana na kuvutana, ilimlazimu kuwavisha koti la kitambaa kinene, lililo wazi mbele mithili ya joho, nalo likafungwa kwa mkanda. Hatua kwa hatua koti hilo likapata umbo tunalolijua. Gichin Funakoshi alipotoka Okinawa mwaka 1922 kuja kuonyesha karate mjini Tokyo, alikaribishwa na Kano huyo huyo katika Kodokan. Katika miaka iliyofuata karate ikapokea kutoka judo vazi jeupe na pia ngazi za ujuzi ziitwazo dan.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya mkanda mweusi, maana hadithi yake imeenea mno. Husimuliwa kwamba zamani mwanafunzi hakuufua mkanda wake kamwe, nao ukaingia jasho na vumbi mpaka ukawa mweusi, na hapo ndipo alipohesabiwa kuwa fundi. Ni hadithi tamu, lakini si kweli. Mkanda mweusi ulianza kuvaliwa na wanafunzi wa Kano wenye dan katika miaka ya 1880, kwa agizo la mwalimu wao. Rangi nyingine nyingi za katikati zilikuja baadaye sana, na judo ya Ulaya ilikuwa na mkono katika jambo hilo.

Sasa tuvuke bahari. Japani iliitwaa Korea mwaka 1910 na kuitawala hadi 1945. Utawala huo haukuishia kwenye ardhi na kodi. Mwaka 1938 Kikorea kiliacha kuwa somo la lazima shuleni, na mwaka 1940 watu walisukumwa kuyaacha majina yao ya ukoo na kujipa ya Kijapani. Vijana wa Kikorea waliotaka elimu ya juu walikwenda Japani, na baadhi yao wakajifunza karate huko. Mmoja wao, Won Kuk Lee, mwanafunzi wa Funakoshi, alifungua mjini Seoul shule aliyoiita Chung Do Kwan mwaka 1944. Baada ya ukombozi wa 1945 zikafunguliwa nyingine, ikiwemo Moo Duk Kwan ya Hwang Kee. Nchi ilikuwa huru, lugha imerudi shuleni, majina ya ukoo yamerudishwa, ilhali vijana wake walikuwa wakifanya mazoezi ndani ya vazi la mtawala wa jana.

Je, mchezo wenyewe waliuitaje? Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapovutwa. Herufi za Kichina ni kama tarakimu: alama 5 sisi twaisoma tano, Mfaransa aisoma kwa sauti yake, na maana ni ile ile. Baadhi ya walimu wa Kikorea waliita mchezo wao tangsudo, na wengine kongsudo. Hayo si majina mapya hata kidogo. Yote mawili ni neno karate, limesomwa kwa matamshi ya Kikorea! Yalikuwa mawili kwa sababu Wajapani wenyewe walikuwa wameandika karate kwa njia mbili: kwanza kwa herufi zenye maana ya mkono wa China, halafu, katika miaka ya 1930, kwa herufi zenye maana ya mkono mtupu. Yaani Japani ilikuwa imeificha China, kabla Korea haijaificha Japani. Hata mifuatano ya miondoko ambayo Funakoshi aliiita Heian, na Waokinawa Pinan, Wakorea waliisoma Pyongan na kuendelea kuifundisha.

Aliyekata shauri la jina alikuwa mwanajeshi, Jenerali Choi Hong Hi, ambaye naye alisoma karate Japani. Husimuliwa kwamba mwaka 1954 Rais Syngman Rhee alitazama maonyesho ya askari wake, akaona mmoja akivunja vigae kumi na vitatu kwa ngumi moja, na kwa furaha akasema kwamba huo ni taekkyon, mchezo wa kale wa Kikorea wa kupiga na kuangusha kwa miguu. Haukuwa taekkyon. Lakini ni nani angemsahihisha rais? Tarehe 11 Aprili 1955 lilichaguliwa jina taekwondo: tae ni kupiga kwa mguu, kwon ni ngumi, do ni njia. Masikio yatambua mara moja jinsi jina hilo linavyokaribia taekkyon, na ukaribu huo haukutokea kwa bahati. Watu walikuwa wakitafuta babu.

Kuanzia hapo vitabu vingi vikaandika kwamba taekwondo ina umri wa miaka elfu mbili, vikitaja picha za ukutani katika makaburi ya kifalme ya Koguryo na vijana mashujaa wa Silla. Wataalamu wengi wa siku hizi wamelipunguza dai hilo, wakionyesha jinsi karate ilivyokuwa mzazi wa karibu. Sisi hatuoni haja ya kuwacheka waliolitoa. Taifa lililonyang'anywa hata majina ya watu wake lina kiu ambayo taifa lisilonyang'anywa haliijui. Hata hivyo kiu si ushahidi. Tena wateteaji wa taekwondo wana hoja bora kuliko hiyo ya makaburi: mateke ya juu, ya kuruka na ya kuzunguka waliyoyakuza wao wenyewe tangu miaka ya 1950 ni kazi yao halali, nayo haihitaji babu wa kuazima. Kwa upande wake taekkyon halisi haikufa. Mzee Song Deok-gi, aliyezaliwa 1893, aliitunza mpaka serikali ikaiweka katika hazina za utamaduni wa taifa mwaka 1983, na UNESCO ikaiorodhesha mwaka 2011. Wachezaji wake huvaa hanbok, vazi la jadi la Wakorea, wala si dobok.

Vazi la taekwondo lilichelewa kubadilika kuliko jina. Moo Duk Kwan ilikuwa imetia ukingo wa rangi kwenye koti la wakubwa wake, lakini umbo lilibaki lile la Kano. Kisha ukaja mgawanyiko. Choi aliunda shirikisho lake la kimataifa, ITF, mwaka 1966. Mwaka 1972 akahamia Kanada kwa kutoelewana na serikali ya Seoul, na mwaka 1973 Seoul ikaunda shirikisho jingine, WTF, chini ya Kim Un-yong. Choi aliupeleka mchezo Korea ya Kaskazini mwaka 1980. Nyumba ikiwa imegawanyika hivyo, ilibidi kila upande utambulikane kwa macho. Upande wa Choi ulibaki na koti la kufunguka mbele, lenye ukingo mweusi chini kwa wenye dan, na maandishi mgongoni yaliyopangwa kwa umbo la mti. Upande wa Seoul, mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaliacha koti na kuchukua vazi lisilofunguka, linalovaliwa kwa kupitisha kichwani kama tuvaavyo kanzu, lenye ukosi wa ncha kifuani: mweusi kwa wenye dan, mwekundu na mweusi kwa watoto waliofuzu.

Ilielezwa kwamba ukosi huo wafuata hanbok. Kwa shingo, labda. Lakini koti la hanbok hufunguka mbele na kukutanishwa kwa utepe, hivyo lile la Kijapani lililoachwa lilikuwa karibu zaidi na hanbok kuliko lililochukua nafasi yake. Sababu iliyo wazi zaidi ni kwamba mchezo usiokamata nguo hauhitaji koti zito, tena kwamba mtu akiuona ukosi ule asiseme tena kuwa ni karate.

Olimpiki iliharakisha mambo. Taekwondo ilionyeshwa Seoul 1988 na Barcelona 1992, ikawa mchezo kamili Sydney 2000. Juu ya dobok ikavaliwa kinga ya kifua, ya buluu kwa mmoja na nyekundu kwa mwenzake, na waamuzi huwaita wachezaji kwa rangi hizo, chung na hong. Tangu London 2012 kinga hiyo ina mitambo ya kuhesabu mateke, na Rio 2016 mitambo ikafika kichwani. Wazee hulalamika kwamba vijana sasa hunyanyua mguu na kugusagusa kama wachezao kwa vitara. Malalamiko hayo yana ukweli, ingawa Rio hiyo hiyo Cheick Sallah Cissé aliipatia Ivory Coast dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kwa teke la kuzunguka la dakika ya mwisho kabisa. Huko pia wachezaji waliruhusiwa suruali za rangi zenye alama za nchi zao. Katika mashindano ya miondoko sasa mabingwa wenye umri huvaa koti la manjano. Weupe, uliohesabiwa kuwa kiini cha vazi, ulilegezwa bila kishindo.

Jambo zito zaidi lilihusu kichwa. Shirikisho liliwaruhusu wanawake Waislamu kuvaa hijabu chini ya kofia ya kinga, na Kimia Alizadeh akiwa amejifunika hivyo alishinda shaba Rio, mwanamke wa kwanza wa Iran kupata medali ya Olimpiki. Mwaka 2020 aliihama nchi yake, akilalamikia pia kulazimishwa kujifunika. Mwaka 2021 mjini Tokyo alipambana kichwa wazi, katika timu ya wakimbizi, na Mwirani mwenziwe Nahid Kiyani aliyevaa hijabu, akamshinda. Paris 2024 wote wawili walipata medali katika uzito mmoja, Kiyani fedha kwa Iran na Alizadeh shaba kwa Bulgaria. Kanuni ya vazi iliyowapa wote nafasi ya kusimama uwanjani yatuonea kuwa bora kuliko ambayo ingemfukuza mmojawapo.

Katika kambi ya Mahama, mashariki mwa Rwanda, Mrundi Parfait Hakizimana, ambaye mkono wake wa kushoto uliharibiwa kwa risasi utotoni, aliwafundisha wakimbizi wenzake taekwondo, na mwaka 2021 akashindana katika Paralimpiki ya Tokyo. Wala hakuna lugha ya mchezaji inayomwepusha na Kikorea. Shirikisho la Seoul lilibadili hata jina lake mwaka 2017, kwa kuwa herufi zake tatu zilikuwa zimegeuka tusi katika Kiingereza cha vijana. Koti limebadilika, ukosi umebadilika, suruali imepata rangi. Mwamuzi wa taifa lolote bado huamuru charyot, wachezaji wakasimama wima, kyongnye, wakainamiana, na pambano huanza kwa sijak.