Ukakasi wa Jozi Mbichi: Nocino ya Modena

Nocino, kileo kitamu cheusi ambacho familia za Modena, kaskazini mwa Italia, zimekitengeneza majumbani kwa vizazi vingi, hutokana na jozi mbichi, yaani tunda la mti wenye jina la kitaalamu Juglans regia, linalochumwa kabla kokwa lake halijawa gumu. Kwa desturi, uchumaji ulifungamana na sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, tarehe 24 Juni, nayo ilikuwa kazi ya wanawake, waliopanda mtini pekupeku, wakachuma bila kutumia chombo cha chuma, kisha wakaziacha jozi zilowe umande usiku kucha.

Ni makosa kuihesabu desturi hiyo kuwa ushirikina mtupu, kwa kuwa imehifadhi ujuzi wa kweli. Mwishoni mwa Juni jozi bado hukatika kama embe changa, na kiini chake ni utelezi mweupe. Wiki chache baadaye kokwa hukakamaa na tunda halifai tena. Chuma nacho, kikigusana na tanini, hutoa weusi. Tanini ni kemikali za mimea ziletazo ukakasi, ule ukavu unaoshika ulimi na fizi mtu anapotafuna ndizi mbichi.

Ordine del Nocino Modenese, chama kilichoanzishwa Spilamberto mwaka 1978 ili kuilinda kanuni ya majumbani, hupima kilo 1 hivi ya jozi kwa lita 1 ya spiriti, pamoja na sukari, na karafuu na mdalasini kidogo kwa apendaye. Mchanganyiko huo huwekwa juani katika chupa ya kioo, ukageuka kutoka kijani hadi hudhurungi na hatimaye mweusi, rangi ileile inayoganda siku kadhaa kwenye vidole vya aliyekata jozi.

Kileo kikiwa kipya, utamu, uchungu na ukali wa spiriti husikika kila kimoja peke yake. Kikilazwa mwaka mmoja au zaidi, hasa katika pipa dogo la mbao, sehemu ya tanini hutuama kama mashapo, ukali hupoa, na harufu za kahawa, kakao na matunda makavu hujitokeza. Hata hivyo ukakasi haufutiki, wala mtengenezaji hodari hataki ufutike, kwani bila huo kinachobaki kinywani ni sharubati yenye spiriti tu.